Siku Kete Zilipomponyoka Hesabu

Nilicheka. Bora niliseme hili mapema, maana kila nikisimulia yaliyompata kaka yangu huwa nalirukia, naanzia wodini, mahali ambapo mimi ni ndugu mwema niliyebeba shuka na chupa ya uji. Lakini mambo hayakuanzia wodini. Yalianzia barazani kwetu Magomeni, Dar es Salaam, Jumapili, baada ya sala ya alasiri, kete zilipomponyoka mkononi nami nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Tuko wanne pale barazani. Kaka yangu tunamwita Hesabu, kwa sababu akilitazama bao anajua kete ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajainyanyua ya kwanza. Alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu, na hesabu hazijamtoka. Yupo Mwalimu, naye mstaafu, anayesahihisha Kiswahili cha kila apitaye. Yupo Njiwa, dereva wa bajaji, mdogo wetu kwa miaka kama kumi na tano, anayefuga njiwa juu ya bati la nyumba yao na kuwajua mmoja mmoja kama watoto wake. Na mimi, fundi redio zamani, siku hizi fundi simu kwa sababu redio hakuna aletaye. Bao letu ni la mninga, mashimo 32, kete 64 za komwe zilizong'aa kwa jasho la mikono.

Mtu akitusikiliza kwa mbali angesema hawa hawafichani kitu. Wawili Simba, wawili Yanga, kwa hiyo wiki nzima kuna wa kulia na wa kucheka. Njiwa alipoibiwa bajaji tuliijua mpaka namba ya jalada lake polisi. Mpangaji wa Mwalimu alipohama usiku na kodi ya miezi minne, tulimtafuta wote wanne. Nilipogombana na mke wangu kuhusu shamba la Mkuranga, shauri lilisikilizwa palepale juu ya mkeka, na nikashindwa. Ugonjwa tu ndio haukuwa na nafasi. Ukisema umeamka na kichwa kinagonga, utaulizwa jana ulikunywa nini. Ukisema miguu inawaka moto, utaambiwa uoe mke wa pili. Utani ule ulikuwa mtamu, wala siutukani leo, ila ulikuwa umeziba mlango mmoja na hakuna aliyeona.

Mimi mwenyewe nilikuwa na vidonge vya presha mwaka wa pili ule. Nilivificha dukani, ndani ya ganda la redio bovu, nyuma ya spika. Hata mke wangu hakujua. Hesabu naye alikuwa na vyake. Hilo nimelijua baadaye, na aliyenieleza ni Njiwa, huku analia: kaka yangu alikuwa akimtuma famasi kwa siri na kumwambia, "Usimwambie mdogo wangu, atanitangaza." Ndugu wa tumbo moja, tunakaa mkeka mmoja kila siku, tunameza kidonge kilekile, kila mtu kivyake.

Wiki tatu kabla ya Jumapili ile kulikuwa na dalili. Hesabu alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, kikamponyoka kikavunjika. Akautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Haukufika muda wa dakika kumi, ukarudi sawa, akaukunja na kuukunjua, akasema ameulalia vibaya. Njiwa akamwambia, "Mzee umeulalia au umelaliwa?" Tukacheka, tukanunua kahawa nyingine. Daktari alinieleza baadaye kwamba kile huenda kilikuwa kiharusi chenyewe, cha kupita. Damu inakwama kidogo kwenye ubongo, kisha njia inafunguka. Mtu anajiona mzima, kumbe amepigiwa hodi. Siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kwenda hospitali, ileile, akiwa anatembea kwa miguu yake na kutania. Kama kuna jambo moja tu utakalolishika katika maneno yangu yote haya, liwe hilo la kikombe.

Sasa Jumapili yenyewe. Saa kumi na robo hivi, tumeshamaliza kunamua, yaani kuingiza kete za akiba baoni, tuko kwenye mtaji, kete zote zikiwa mchezoni. Zamu ya Hesabu. Alichota kete kama saba, akaanza kuzitembeza. Ya kwanza ikaingia shimoni, ya pili ikaingia, ya tatu ikagonga ukingo wa bao ikaanguka kwenye mkeka. Halafu zilizobaki zikamwagika zote mara moja, na vidole vyake vikabaki wazi juu ya bao, vimelegea. Akasema kitu. Nadhani alitaka kusema "ngoja", ila lilitoka neno lisilo na mifupa. Njiwa akadakia kwa kuliigiza. Hapo ndipo nilipocheka.

Hesabu naye akatabasamu, upande mmoja. Nililiona lile tabasamu. Nakumbuka kabisa kuwa nililiona, nikadhani ananikebehi.

Yaliyofuata yalichukua saa mbili na robo, nayo ni orodha ya makosa ya watu wenye nia njema. Mwalimu alisema ni jua, tumpishe kivulini. Tukamlaza kwenye mkeka. Kwenye bao, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezo wako umelala, zamu inahama. Mmoja wetu, sitaki kukumbuka nani, akasema, "Mwacheni, amelala huyo," tukaendelea kucheza watatu huku yeye yuko pembeni. Jirani akaleta chai ya tangawizi, tukamwinua tukamnywesha, akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakatoka maji. Mtu aliyepata kiharusi koo nalo huweza kupooza, na hata maji ya kunywa huweza kwenda mapafuni. Hakuna aliyejua. Mama mmoja mpita njia akasema ni upepo mbaya huo, apakwe mafuta ya habasoda, akapakwa. Mwalimu akatoa aspirini mfukoni, maana amesikia ni nzuri kwa damu. Kilichotuokoa ni kule kupaliwa tu, tukaogopa kumpa kidonge. Kiharusi kiko cha aina mbili, mshipa kuziba na mshipa kupasuka, na kwa macho hujui ni kipi. Kama umepasuka, aspirini inaongeza kuvuja. Dawa hiyo hutolewa baada ya kipimo, si kabla.

Shemeji alifika karibu na magharibi kumwita mumewe akaoge. Hakuuliza swali hata moja. Alimtazama usoni mara moja tu, akasema, "Mdomo umekwenda upande," kisha akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiwa peke yangu dukani naweza kuusikia.

Tulimpakia kwenye bajaji ya Njiwa. Kosa la pili hapa ni langu peke yangu. Njiwa alitaka kuvuka Jangwani moja kwa moja hadi hospitali kubwa. Mimi nikasema tuanzie zahanati ya karibu, wampe huduma ya kwanza. Zahanati hiyo, ambayo siitaji jina, ilituandikisha faili, ikatuambia tulipie kwanza, ikampima presha ikakuta 210 kwa 120, ikamtafuta daktari aliyekuwa amekwenda kuswali, kisha baada ya karibu saa nzima ikatuandikia karatasi ya kutupeleka kulekule Njiwa alikotaka kutupeleka. Siwalaumu sana. Hawakuwa na siti skani, na mgonjwa wa namna ile bila kipimo cha kichwa hakuna wanaloweza kumfanyia. Sisi ndio tulipaswa kujua. Ulizeni leo, mkiwa hamna mgonjwa, ni hospitali ipi karibu nanyi yenye siti skani inayofanya kazi usiku. Mimi nilikuja kuuliza nikiwa nimemkumbatia mtu anayedondokwa na mate.

Hospitali kubwa walituchukua haraka. Wakamtoboa kidole kwanza kupima sukari, muuguzi akanieleza kuwa sukari ikishuka sana nayo huweza kumfanya mtu alegee na kuropoka, ndiyo maana wanaanza na hilo. Kisha akaja daktari kijana, mwanamke, kalamu mkononi.

"Dalili zimeanza saa ngapi?"

Shemeji akajibu, "Saa kumi na mbili na nusu, daktari. Mimi ndiye nilimkuta."

Daktari akaanza kuandika. Nilimwona Mwalimu ameinamia viatu vyake. Njiwa alikuwa nje na bajaji. Nikajua kwamba nikinyamaza, hakuna atakayenijua. Nikajua pia kwamba kile kinachoandikwa pale si hadithi, ni kitu kitakachotumika kuamulia dawa. Nikasema, "Si kweli, daktari. Ni saa kumi na robo. Tulikuwa naye."

Shemeji akageuka akanitazama. Sikumbuki kama alisema neno.

Daktari alisema ahsante kwa kusema, kisha akaeleza kwa upole. Mshipa ukiwa umeziba, ipo dawa ya kuyeyusha lile donge la damu, ila huanza kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza. Zikishapita, dawa hiyo yaweza kuleta madhara kuliko faida, mtu akavuja damu kichwani. Kama ningeacha saa ya shemeji iandikwe, wangedhani bado wana muda mrefu. Majibu ya kipimo yalitoka saa tatu na nusu usiku: mshipa umeziba, upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno. Saa nne na nusu zilikuwa zimeisha kitambo kidogo. Sikuuliza kama dawa yenyewe ilikuwepo. Sikutaka kujua.

Sitasimulia siku kumi na nne za wodini moja moja. Kuna mambo machache tu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo ngozi inakufa na vidonda vinaingia. Manesi ni wachache, kwa hiyo ni kazi ya ndugu, na ni kazi ya zamu. Alilishwa kwa mpira wa puani kwa siku tisa, na uji ule lazima uchujwe vizuri, maana siku ya tatu mimi niliuleta na mabonge, mpira ukaziba, akawekewa mwingine, na machozi yake yalipotoka nilitoka nje. Pampasi za watu wazima ni ghali kuliko nilivyofikiri, tulikuwa tukimaliza pakiti ndani ya siku mbili. Bima yake ilikuwa imekatika tangu mwaka uliotangulia kwa sababu fedha aliamua kununulia mabati. Mpaka anatoka tulikuwa tumetumia zaidi ya milioni mbili na nusu, na hiyo haimo nauli wala chakula cha wauguzaji.

Fedha nusura zituvunje. Mtaa ulichanga, jamaa wa reli wakachanga, wengine wakatuma kwangu, wengine kwa shemeji, wengine wakampa Njiwa mkononi. Siku ya tano hesabu ikakataa, ikapungua elfu themanini. Maneno yakaanza. Njiwa alisusa siku mbili, akarudi kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpeleka shemeji alfajiri. Ndipo Mwalimu aliponunua daftari la kurasa mia, akapiga mistari kama rejista ya darasa: tarehe, aliyetoa, kiasi, kilikokwenda, aliyepokea risiti. Elfu themanini zilionekana, zilikuwa zimelipia dawa niliyoinunua mimi nikasahau. Nilimwomba Njiwa radhi mbele ya watu. Daftari lianze siku ya kwanza, na namba ya kupokelea iwe moja.

Kuna jingine la aibu. Simu ya Hesabu ilikuwa na namba ya siri, na mimi, fundi simu, sikuweza kuifungua kuwapigia wanawe wawili walioko mikoani bila kufuta kila kitu. Tulikaa na wenzetu miaka kumi na tisa barazani na hatukuwa na namba ya mtoto wa mtu hata mmoja.

Nami nilikimbia. Baada ya wiki ya kwanza nikaanza kuwa na kazi nyingi dukani. Nilikuwa nikipita wodini dakika kumi, naweka matunda ambayo hawezi kuyala, naondoka. Nilikuwa namwogopa. Alikuwa akinitazama akitaka kusema, maneno yanakwama, na mimi nahisi anataka kuniambia, "Ulicheka." Mwalimu alinifuata dukani usiku mmoja. Hakunihubiria. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akaniambia yeye pia hawezi kulala, kwamba anaona ile aspirini mkononi mwake kila akifumba macho. Kisha akasema ana kisukari mwaka wa sita, na mkewe tu ndiye anayejua. Nikainuka, nikachukua ganda la redio, nikamtolea vidonge vyangu nikaviweka mezani. Tulivitazama kwa muda. Mwalimu akasema, "Hata mahali pa kuvificha umechagua kitu kibovu." Ulikuwa utani wa kwanza baada ya siku kumi, na ndio ulionirudisha wodini.

Tangu hapo tumenunua kipimo cha presha cha kufunga mkononi, kwa mchango wa watatu, na kinakaa kwenye sanduku la bao. Kila Jumapili, kabla ya kete ya kwanza, tunapima. Mara ya kwanza mimi nilikutwa na 168 kwa 102, na hapo nilikuwa najiona simba. Tulichojifunza kwa nesi ni kwamba lazima ukae kwanza dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, mkono umepumzika usawa wa moyo, na usiwe umetoka kunywa kahawa. Kukaa kimya dakika tano kwa Njiwa ni adhabu. Tunaandika kwenye daftari lilelile la Mwalimu, kurasa za nyuma. Ikizidi 140 kwa 90 Jumapili mbili mfululizo, mwenye nayo anakwenda kliniki, na hachezi mpaka alete karatasi. Kila mtu ana kikaratasi kwenye pochi, kimeandikwa dawa anazotumia na namba mbili za simu. Vidonge haviachwi kwa kujisikia vizuri, maana mtu huweza kujisikia vizuri huku presha iko juu. Hesabu aliacha vyake kwa miezi mitatu kwa sababu hiyohiyo, alijisikia vizuri.

Utani haujakoma, sitaki mdhani tumegeuka walokole wa afya. Umebadilika mahali tu. Siku hizi mtu akisema mguu unamwaka moto, anataniwa baada ya kuulizwa tangu lini.

Hesabu alirudi nyumbani anaburuza mguu, mkono wa kulia umekunjamana kifuani kama mbawa ya njiwa aliyeumia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwonyesha shemeji ya kufanya kila siku, na alituambia miezi ya mwanzo ina thamani kuliko inayofuata, tusiichezee. Alimpa mpira wa kuminya. Hesabu akauchukia. Njiwa ndiye aliyekuja na wazo la kumpelekea kete: bakuli mbili, komwe kumi, atoe huku aweke kule kwa mkono mbovu. Mtaalamu alipoona akasema hilo ni zoezi zuri kabisa. Siku za kwanza kete moja ilimchukua dakika nzima, jasho linamtoka kama anayebeba gunia. Alikuwa akihesabu kwa sauti, na namba zilirudi kinywani mwake kabla ya majina yetu. Mimi aliniita "kumi na moja" kwa karibu mwezi mzima.

Mwezi wa tano tangu augue tukamrudisha barazani. Kiti badala ya mkeka, bao juu ya meza. Alikataa kutumia mkono wa kushoto. Zamu yake ilipofika tulikuwa kimya kiasi cha kuwasikia njiwa juu ya bati. Akachota kete nne. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikamponyoka, ikaruka mezani, ikabingirika hadi kwenye mtaro wa maji machafu. Hakuna aliyesogea. Mwalimu akajifanya anasafisha miwani. Mimi nikatazama chini.

Hesabu akatuangalia mmoja mmoja, uso umeanza kumwiva, na kwa ule ulimi wake mzito akasema, akilitafuta kila neno, "Mbona... hamcheki?"

Njiwa ndiye aliyeanza.